King'ora cha Mbuzi wa Nzomo

Jiwe la kwanza lilimpata Dubow mdomoni. Kutoka langoni kwangu nilimwona akitema meno kwenye mchanga wa mto mkavu, wanaume thelathini wakiwa wamemzunguka na mapanga na marungu. Dubow hununua mbuzi hapa Nuu kila wiki. Asubuhi hiyo mbuzi wa Nzomo walikuwa wamepotea, na yeye ndiye aliyeonekana akipita na kundi la mbuzi.

King'ora kilichowakusanya nilikiandika mimi, Kaloki, nikiwa na miaka sabini, baada ya masomo ya jioni ya kompyuta. Ni ukurasa wa mtandao ambao kila mtu huuacha wazi kwenye simu yake. Anayebonyeza kitufe hana haja ya kujua nani anasikiliza. Hutangaza tukio, "wizi", pamoja na mahali, na king'ora kilichoandikishwa kusikiliza tukio hilo hulia katika kila simu. Kanisani walinipigia makofi.

Ndinda, mke wa Nzomo, aliingia uani akihema, akiswaga mbuzi.

"Mzee, walikuwa tu kwa shamba la Kiilu! Nimebonyeza 'wamepatikana' mara tatu. Mbona simu hazilii?"

"Mpigie bwana yako."

"Hashiki! Ako na rungu, simu atashika na nini?"

Nilifungua kompyuta, nikaiona aibu yangu. Tukio la "wamepatikana" nilikuwa nimeliandika, lakini sikuandikisha king'ora wala chochote cha kulisikiliza. Lilikuwa limetangazwa mara tatu na kupita bure. Niliongeza mstari uliokosekana. Haukusaidia. Ukurasa uliokuwa mifukoni mwao ulikuwa bado ule wa zamani, na nani angeufungua upya akiwa anaua mtu?

Kule mtoni mtu alikuwa akimmwagia Dubow petroli.

Simu zile zilijua kusikia tukio moja tu. Nikabonyeza "wizi". Mahali: kwa Kaloki.

"Mzee, watakukata!"

"Fungua lango. Weka mbuzi mbele."

Ving'ora vililia pamoja mtoni. Wanaume wakageuka, wakaja mbio, Nzomo akiwa mbele. Hakutazama mbuzi. Rungu lake lilivunja mkono wangu wa kulia, kisha likanipasua kichwa, nikaanguka katikati ya kwato.

Ndinda alimng'ang'ania kiunoni. "Nzomo! Huyo ni Kaloki! Na hawa ni mbuzi wako, mjinga wewe!"

Nzomo alitazama alama alizokata mwenyewe masikioni mwao. Rungu likamponyoka.

Mimi na Dubow tulilazwa wodi moja hospitalini, mjini Mwingi. Siku ya tatu aliweza kusema, taya likiwa limefungwa kwa waya.

"Kwa hivyo kelele zote mbili zilikuwa zako, mzee?"

"Zangu."

"Hiyo ya pili ilisaidia, asante. Lakini ile ya kwanza?"

Ndinda alipokuja kutuona, alikuwa ameniletea kompyuta. Nikaanza kulifuta tukio la "wizi" kwa mkono wa kushoto, herufi moja moja, Dubow akitazama kwa jicho lililobaki.