Kilo Sitini na Saba

Jumamosi ile, kabla jua halijachomoza vizuri, Wilibrodi alikimbia kuelekea milima ya Mbizi akiwa amevaa makoti mawili, na chini ya makoti mfuko wa nailoni wa mbolea alioutoboa matundu ya kichwa na mikono. Upepo wa Julai ulimkata masikio. Jasho lilikuwa gumu kutoka. Tangu jana mchana hakuwa ametia maji kinywani. Alitafuna ganda la limau ili mate yamjae, akatema, akatafuna tena, akatema tena, kwa sababu hata mate yana uzito.

Alitakiwa asizidi kilo sitini na saba.

Zamani hakuhangaika na mambo hayo. Chama cha ushirika kilipokuwa ndicho mnunuzi pekee wa mahindi, Wilibrodi alikuwa kuli wa ghala lao na bondia wa timu yao. Alipigana kwenye kilo sabini na moja miaka sita, maana kantini ya ghala ilipika ugali na maharage kila mchana na nyama kila Jumatano. Ushirika ulikuwa na ubaya wake; mkulima alipewa stakabadhi akaitunza mpaka ikachakaa bila kuona malipo. Kisha ikaja ruksa. Watu binafsi wakaruhusiwa kununua, ushirika ukalala chali, na siku ya kupunguza wafanyakazi mabondia walitoka lango moja na makarani.

Mwaka uliofuata alishuka mpaka sitini na saba bila kukimbia hata hatua moja. Njaa ndiyo iliyomshusha. Akazoea uzito huo, akapigana, akashinda. Ilipofika Februari mwaka huu, Isdori, katibu wa kamati ya ngumi, akamwambia kwamba nafasi ya sitini na saba amepewa mtu wa Chala, kwa hiyo yeye apande sabini na moja. Februari, wakati ambao hata wenye mashamba makubwa hukwangua ghala! Coleta, mkewe, alimpikia uji wa ulezi asubuhi na jioni, na watoto wakala mara moja kwa siku ili baba yao anenepe. Akapanda. Sasa Julai, mahindi yamelala uani kwa kila mtu, mtoto anaokota punje njiani, katibu akaja na habari mpya: sabini na moja kumejaa, na mtu wa Chala amejitoa, ashuke.

Alishuka kwa sababu ya Mbeya. Mshindi wa leo angekwenda kwenye mashindano ya kanda, na huko timu za majeshi hutuma watu kutazama mabondia. Anayechukuliwa hupata sare, chumba kambini na mshahara wa kila mwezi. Walitaka vijana. Wilibrodi alikuwa na miaka thelathini na mmoja, lakini kwenye fomu alijaza ishirini na sita, na Isdori alikuwa ameisoma fomu ile mbele yake akacheka.

Saa nne alifika zahanati ya masista. Sista Angela alimpima kila asubuhi wiki ile bila kumtoza kitu. Alipanda juu ya mizani na suruali ya ndani tu, akitetemeka. Sista alisogeza jiwe la mizani taratibu, akainama, akasoma: sitini na sita na gramu mia nane. Akaandika kwenye kikaratasi, akagonga muhuri.

"Wilibrodi," alisema akimpa kikaratasi, "wagonjwa wangu wanazitafuta hizo kilo unazozimwaga njiani."

Alimjibu kwamba ni leo tu, sista, halafu basi.

Upimaji rasmi ulikuwa ufanyike palepale zahanati saa sita. Lakini asubuhi hiyo Isdori alituma ujumbe kwamba umehamishiwa kwenye ghala la Bwana Enock. Enock ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kamati. Glavu zilikuwa zake, turubai la ulingo lilikuwa lake, na mwaka huu alitaka wapenzi wa ngumi wakusanyike chini ya bango lake. Ghala lenyewe lilikuwa lile la ushirika. Alilinunua kwenye mnada pamoja na kila kilichokuwa ndani, na Wilibrodi alikuwa amerudi kubeba magunia mlemle, kwa kutwa, pasipo kantini.

Alikwenda na Coleta. Coleta alibeba sufuria iliyofungwa kwa kanga: wali, maharage, na nyama ya kuku wao aliyekuwa akitaga. Akishapima tu, mumewe angekula, apumzike, nguvu zimrudie kabla ya pambano la saa kumi. Njiani, Wilibrodi ulimi ulikuwa umeganda, na Coleta alikuwa akimtazama kwa jicho la pembeni kama mtu anayemsindikiza mgonjwa.

Uani kwa Enock kulikuwa na watu wa aina mbili. Upande wa kivuli, wapenzi wa ngumi na mabondia wanane. Upande wa jua, wakulima na magunia yao, wamesubiri tangu jana. Wengine walikuja na lori kutoka Mwazye. Mzee mmoja, Mayunga, mfugaji aliyehamia na familia yake kutoka Shinyanga miaka mingi nyuma, alikuwa amekuja na mkokoteni wa ng'ombe siku mbili njiani. Katikati ya pande hizo mbili ilisimama mizani: bamba la chuma chini, mkono wa chuma juu, na jiwe linaloteleza. Wilibrodi aliijua. Enzi za ushirika walipimwa juu ya bamba hilihili kila kabla ya pambano.

Karani wa Enock, Modesti, aliwaambia wakulima wangoje kidogo, michezo kwanza.

Wa kwanza kupanda alikuwa Loth, utingo wa malori ya Kasesya, ndiye mpinzani wa Wilibrodi. Alikuwa kijana mwenye shingo nene, na kila mtu alijua kwamba amekuja kujaribu bahati tu, maana hakuwa amejinyima hata mlo mmoja. Modesti alisogeza jiwe.

"Sitini na saba kamili."

Loth alishuka akicheka. Alimgeukia Wilibrodi akamnong'oneza, "Mshikaji, mimi sijawahi kuwa chini ya sabini na mbili tangu nianze kunyoa ndevu."

Wilibrodi akavua nguo, akapanda. Bamba lilikuwa baridi kama barafu chini ya nyayo zake. Modesti alisogeza jiwe, akalirudisha, akalirudisha tena, akamtazama Isdori.

"Sitini na moja."

Watu wa kivulini wakaguna. Isdori alisogea, akasoma mwenyewe, akasema kwamba Wilibrodi amejikondesha kupita kiasi, kwa uzito huo hana haki ya kupigana kwenye sitini na saba, na huko chini alikoangukia hakuna wa kupigana naye. Kwa hiyo leo hana pambano. Wilibrodi aliokota suruali, akatoa kikaratasi cha Sista Angela, akampa. Isdori alisoma namba, akasoma muhuri, akasoma saa. Akamtazama Loth, ambaye tabasamu lilikuwa limemfutika usoni. Akaitazama mizani. Kisha, polepole, akageuza macho upande wa magunia, na akayarudisha haraka kama aliyeona kitu kisichomhusu.

Aliingia ofisini kumwita Enock.

Enock alikuwa mtu mpole. Hakuwahi kusikika akimfokea kuli. Alimshika Wilibrodi bega, akampeleka nyuma ya lundo la magunia, akamwambia avae kwanza, baridi hii itamuua. Akasema mizani ni chuma, na chuma kikisafirishwa huku na huku hupoteza adabu. Fundi ataitwa wiki ijayo. Kwa leo, Wilibrodi ataandikwa sitini na saba, Loth atasogezwa sabini na moja, na kwa kuwa kwenye sitini na saba hakuna mwingine, Wilibrodi atakwenda Mbeya moja kwa moja, bila ngumi hata moja. Nauli itatoka kwake yeye mwenyekiti.

"Umri wako tunaujua, Wilibrodi," alimalizia. "Hii ndiyo ya mwisho. Usiipoteze kwa maneno."

Wilibrodi aliitikia kwa kichwa. Alivaa suruali, akafunga mkanda. Mbeya. Sare. Chumba kambini, Coleta akianika nguo za watoto kwenye kamba ya serikali. Alipotoka nyuma ya magunia, Coleta alikuwa tayari anafungua kanga ya sufuria, na mvuke wa kuku ulimfikia puani. Alipokea kikombe cha maji. Akakiinamisha.

Upande wa pili, Modesti alikuwa amerudia kazi yake. Gunia la kwanza la Mzee Mayunga lilikuwa juu ya bamba.

"Tisini na moja," alisema Modesti.

Mzee Mayunga alisema kwa adabu kwamba kila gunia alilijaza mwenyewe na mkewe, wakapima kwa mizani ya kamba ya mwalimu wa shule, nalo lilikuwa mia moja na ushee. Modesti hakuinua macho kwenye daftari.

"Mzee, nyinyi wafugaji mmezoea kupunja watu. Mahindi haya yameliwa na fukusi. Mshukuru Mungu kwamba tunayapokea."

Wilibrodi alikuwa amenywa nusu kikombe. Baadaye Coleta alimwuliza kwa nini hakukimaliza, kwa nini hakumeza na kunyamaza kama watu wote uani pale. Wilibrodi alijua tu kwamba miezi mitano alikuwa amepandishwa na kushushwa kama ndoo ya kisimani, kila gramu aliilipia kwa mwili wake na kwa matumbo ya wanawe, na kama palikuwa na kitu kimoja duniani alichokijua kwa hakika, kuliko umri wake, kilikuwa uzito wake. Na sasa mzee wa watu, aliyelala chini ya mkokoteni siku mbili, alikuwa anaitwa mwizi na kitu kilekile kilichomwita yeye mgonjwa.

Alimrudishia Coleta kikombe. Akavuka ua. Alilishusha gunia la Mayunga kwa mikono miwili, akavua shati, akavua suruali mbele ya akina mama waliotoka Mwazye, akapanda juu ya bamba.

"Soma," alimwambia Modesti.

Modesti hakusoma. Wilibrodi akasogeza jiwe mwenyewe, mpaka mkono wa chuma ukasimama, akawageukia wakulima.

"Shikamooni wazee. Mimi ni kilo sitini na saba. Masista wamenipima leo, karatasi anayo katibu. Hapa nasomeka sitini na moja, na maji nimekunywa. Mwenye macho aje asome."

Hakuna aliyekuja. Upepo ulipeperusha makapi ya mahindi. Enock alikuwa amesimama mlangoni mwa ofisi. Alisema kwa sauti yake ileile ya upole kwamba ghala lake si gereza. Asiyeridhika na mizani achukue mahindi yake aondoke, barabara iko wazi. Akaingia ndani. Isdori akachomoa kalamu mfukoni, akapiga mstari kwenye orodha yake, akamwambia Loth kwamba amepita kwenye sitini na saba, ajiandae na safari.

"Lakini katibu, huko Mbeya wana mizani nzima," alisema Loth.

"Huko ni huko," alijibu Isdori.

Wilibrodi alibaki juu ya bamba, mwili wazi. Hakuona mkulima hata mmoja akisogelea gunia lake kulirudisha kwenye lori. Wanawake wa Mwazye walitazama chini. Mzee Mayunga ndiye aliyekuja, akiwa ameshika nguo za Wilibrodi alizoziokota vumbini, akazikung'uta, akampa.

"Shuka, mwanangu. Vaa."

"Mzee, wanawaibia."

"Tunajua." Alisema bila hasira, kama mtu anayetaja siku ya juma. "Mwaka wa kwanza tulijua. Mwaka jana nilikuja Novemba, nikarudi nayo nyumbani. Mvua ikanikuta njiani, yakaota ndani ya magunia. Na ng'ombe mmoja akanifia." Akaonyesha barabara kwa kidevu. "Kuna mizani nyingine unayoijua wewe? Nionyeshe, niende sasa hivi."

Wilibrodi alifikiri. Alizifikiria ghala zote za mtaa ule, moja baada ya nyingine. Zote alikuwa amebeba mizigo ndani yake, na mizani zake zilikuwa za namna hiyohiyo. Akashuka. Akavaa.

Makuli wenzake walikuwa wamejitenga ukutani, wakiogopa kuonekana karibu naye, na wapenzi wa ngumi walikwisha kuanza kutoka kuelekea uwanjani. Mayunga alijaribu kulikumbatia gunia lake lililolala chini, likamshinda. Alikuwa mzee kweli. Alilizunguka, akajaribu upande mwingine, kisha akasimama akipumua, mikono kiunoni, akimtazama Wilibrodi. Hakumwomba. Modesti alikuwa anagongagonga kalamu kwenye daftari.

Coleta alikuja na sufuria, akakaa juu ya jiwe karibu na mkokoteni. Alimwambia mumewe ale kwanza, hajala tangu juzi, ataanguka.

Wilibrodi alikula vijiko vitatu akiwa amesimama. Kisha akainama, akalishika gunia kwa pembe zake mbili, akalipandisha juu ya bamba. Macho yaliingia kiza, akashikilia mkono wa mizani mpaka dunia ikatulia.

"Toa mkono," alisema Modesti.

Akautoa.

"Tisini na moja."

Mzee Mayunga aliitikia kwa kichwa. Wilibrodi akalibeba gunia begani, akaliingiza ghalani, akalipanga juu ya mengine, akarudi kufuata la pili. Yalikuwa yamebaki kumi na mawili.