Jiwe la Wapagazi

Wageni wa Bagamoyo walifika kijijini Mkiwa mvua zikiwa zimekolea, wakiwa wamebeba jiwe. Lilikuwa bamba la jiwe la pwani lililochongwa maandishi, limefungwa kwa magunia nyuma ya gari. Watu hao walikuwa wa chama kidogo kinachotunza nyumba za kale za mji wao. Walikwisha kuweka vibao kwenye nyumba hizo, na sasa walikuwa wakiifuata njia ya zamani ya misafara kuja bara, waweke alama pale wapagazi walipofia njiani. Walipoulizia fundi mwashi, wakaelekezwa kwa Godfrey.

Godfrey alikuwa mtu wa kuaminika. Nusu ya nyumba za matofali pale Mkiwa alizijenga yeye, na hakuna aliyewahi kumrudia kulalamika kuwa ukuta umepasuka. Mkewe Magreth, ambaye wengi walimwita Mama Derick, alikuwa na mgahawa wa mabati kando ya lami, karibu na njia panda ya Itigi.

Aliyewaonyesha wageni mahali penyewe ni Bibi Emiliana, mjane mwenye shamba nyuma ya kijiji. Aliwavusha mbuga hadi kwenye mteremko mmoja wa mawe na vichaka, akawaonyesha marundo ya mawe yaliyozama katika nyasi. Alisema alionyeshwa na bibi yake, mama wa baba yake, akiwa msichana mdogo. Msafara ulipita, baadhi ya wapagazi wakapatwa na ndui, wenzao wakawaacha, na watu wa hapo ndio waliowazika. Wageni walimshukuru, wakamwachia Godfrey jiwe na saruji, wakamwomba alisimamishe palepale mvua ikipungua. Kisha wakaondoka.

Mvua haikupungua. Godfrey alijaribu kulivusha jiwe kwa toroli, gurudumu likazama katika tope jeusi la mbuga, ikabidi alirudishe. Likakaa nyuma ya mgahawa, na kutoka Bagamoyo wakaanza kumpigia kuuliza kazi imefikia wapi. Magreth ndiye aliyesema kwanza.

"Baba Derick, nani atavuka tope lile kwenda kusoma maandishi? Liweke hapa barabarani watu walione. Si ni Mkiwa hiihii?"

Godfrey alikataa, lakini hakukataa kwa nguvu. Alijiambia ataliweka kando ya lami kwa muda tu, na kiangazi kikifika atalihamisha. Akachimba ng'ambo ya mgahawa, akajaza kifusi alichokizoa kwenye mtaro, akalisimamisha jiwe kwa saruji. Lilisimama wima kabisa. Kisha akainama na simu yake, akapiga picha kwa karibu, jiwe likajaa kioo chote na barabara isionekane. Akaituma Bagamoyo. Walifurahi sana.

Kiangazi kilifika, na jiwe halikuhama. Mabasi ya wanafunzi yalikuwa yameanza kusimama. Walimu waliwasomea watoto yale maandishi, "Hapa wamelala wapagazi wa msafara uliotoka Bagamoyo," kisha wote wakavuka barabara kwenda kunywa chai na kula chapati kwa Mama Derick. Magreth aliongeza benchi na jiko. Godfrey alipogusia habari ya kulihamisha, mkewe alimtazama tu, na habari ikaishia hapo.

Bibi Emiliana alikuja siku moja kuuliza. Godfrey alimwamkia, akampa kiti, akamwambia kuwa wale wageni walibadili mawazo wenyewe, walitaka jiwe liwe karibu na barabara. Bibi alilitazama jiwe kwa muda, akasema labda wanajua wao. Alikataa chai, akaondoka.

Uongo huo Godfrey aliuona mdogo. Ule mteremko haukuwa ukilimwa, mawe yalikuwa yako palepale, na waliokufa hawakuhitaji maandishi ili walale. Ndivyo alivyojituliza.

Lakini mteremko ulikuwa mali ya ukoo wa mzee mmoja ambaye alikufa mwaka uliofuata, na mwanawe Laurenti, aliyekulia Singida mjini, akarudi kulima alizeti. Alikodi trekta. Asubuhi ambayo trekta iliingia, Bibi Emiliana alikwenda kusimama mbele yake, akakataa kutoka. Laurenti hakuwa mtu mbaya. Alimshika mkono kwa adabu, akamwambia kuwa makaburi yale yanajulikana, yako barabarani, yameandikwa. Bibi akasema jiwe limewekwa mahali pasipo pake. Basi Laurenti akaagiza Godfrey aitwe.

Godfrey alifika akakuta watu wamesimama kando ya shamba. Laurenti alimuuliza mbele yao wote: aliyelisimamisha jiwe ni yeye, je, aliambiwa aliweke wapi?

Godfrey alimwona Bibi Emiliana akimtazama, akingoja. Akaona pia watu wote wale watakaojua, na wale wa Bagamoyo, na picha aliyoituma.

"Waliniambia niliweke pale barabarani," alisema.

Hakuna aliyemzomea bibi, ila kijana mmoja alicheka, na mtu mwingine akasema kwa Kinyaturu kuwa uzee nao ni ugonjwa. Bibi Emiliana alisogea pembeni mwenyewe. Trekta ikapita.

Mawe yaliyong'olewa Laurenti aliyarundika kando ya shamba, na baada ya mavuno ya kwanza akaamua kujenga ghala. Fundi alikuwa Godfrey. Angekataa kwa sababu gani? Lori lilimwaga mawe kwenye kiwanja, naye akayapanga katika msingi moja baada ya jingine. Kazi hiyo ilimchukua muda mrefu kuliko ilivyopaswa. Aliacha kula mchana. Magreth alidhani ana malaria, akamlazimisha kwenda kupima, na majibu yakaja kwamba hana kitu.

Ghala likiwa limefika usawa wa madirisha, gari dogo la kukodi lilisimama mbele ya mgahawa, akashuka mama mmoja mtu mzima aliyejitanda kanga juu ya baibui. Alijitambulisha kwa Magreth kuwa anaitwa Mwanahawa, anatoka Bagamoyo. Godfrey alikuwa amekaa ndani na kikombe cha chai, akawa anasikia kila neno.

Mama huyo alisema babu wa baba yake alibeba mizigo ya msafara, akaenda bara, akarudi, akaenda tena, na mara ya mwisho hakurudi. Nyumbani kwao habari ilikuwa kwamba aliachwa njiani akiwa na ndui. Jina la mahali walilisahau. Miaka yote walimwombea dua bila kujua waelekee wapi.

"Kwetu vibao vimejaa," alisema. "Nyumba ya tajiri fulani, ghala la pembe la fulani, boma la fulani. Nimekua navisoma. Hata kimoja hakina mtu aliyebeba ile pembe. Nilipoambiwa huku bara kuna jiwe la wapagazi, nikasema nitafika kabla sijafa."

Alivuka barabara peke yake. Magreth na Godfrey walimwona akivua viatu, akapiga magoti mbele ya jiwe, akainua mikono. Malori yalikuwa yakipita na kumrushia vumbi, naye hakugeuka. Alikaa pale mpaka chai ya Godfrey ikapoa kikombeni. Kisha mama yule akatoa kitambaa cheupe, akakitandaza, akaanza kuchota udongo kwa vidole na kuuweka ndani, taratibu, akiondoa vijiti.

Ulikuwa udongo wa mtaroni. Godfrey aliujua, ulikuwa na vipande vya chupa alivyovizoa yeye.

Alisimama. Magreth alimshika shati, akamwambia kwa sauti ya chini amwache mama wa watu arudi kwao na amani yake, kumwambia ni kumwumiza bure. Godfrey alisimama pale kidogo, kwa sababu maneno yale yalikuwa na ukweli ndani yake. Kisha akavuka barabara.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba."

"Usichukue huo udongo. Hawapo hapo." Akaona hajasema vya kutosha. "Mimi ndiye niliyeliweka jiwe hapa. Niliambiwa nilipeleke kule mteremkoni walikozikwa, sikulipeleka. Na kule sasa kumelimwa. Mawe yao nimeyajengea ghala."

Mwanahawa aliendelea kupiga magoti, vidole vikiwa bado ndani ya udongo. Hakulia, wala hakumtukana. Alimimina udongo chini, akakikung'uta kitambaa, akakikunja.

"Nani anayejua walipokuwa?" aliuliza.

Kwa hiyo ikabidi waende kwa Bibi Emiliana. Walimkuta uani akipeta mtama. Godfrey alimwamkia, kisha akasema yote akiwa amesimama, mbele ya mgeni, kwa Kiswahili ili mgeni aelewe: picha, uongo aliomwambia siku ile alipompa kiti, na jibu alilompa Laurenti shambani. Bibi aliweka ungo chini. Alimjibu kwa Kinyaturu kwanza, kwa sauti ndogo. Halafu akarudia kwa Kiswahili, labda naye alitaka mgeni asikie.

"Mimi nilianza kuamini kuwa nimekosea. Nililala nikijiuliza kama bibi yangu alinionyesha kweli au niliota. Ulinifanya nimwone bibi yangu mwongo."

Godfrey alikuwa amejiandaa kwa matusi, na kwa habari ya mawe. Hilo la kumwondolea mtu bibi yake hakuwa amelifikiria kamwe.

Wanawake wale wawili walikwenda shambani wakiwa wameshikana mikono kwa sababu njia ilikuwa mbaya. Yeye aliwafuata kwa mbali. Bibi Emiliana alitembea katikati ya mabua ya alizeti, akisimama na kurudi, akipima kwa macho kutoka kwenye mwamba mmoja mkubwa ambao trekta ilishindwa kuung'oa. Mwishowe alisema ni kuanzia hapa mpaka pale. Mwanahawa aliomba dua yake hapo. Bibi Emiliana, Mkatoliki, alisimama kando yake na rozari mkononi, akisali sala yake.

Laurenti alipoelezwa alikasirika, na hasira yake ilikuwa ya haki, kwani naye alifanywa mtenda kosa bila kujua. Alikubali kuacha kipande kile bila kulima. Kubomoa ghala alikataa. Godfrey alipiga simu Bagamoyo akakiri, akaivunja saruji kwa mikono yake, na safari hii mbuga ilikuwa kavu, jiwe likavuka bila shida. Mabasi yakaacha kusimama. Magreth aliliondoa benchi la nyongeza, na kwa wiki nyingi walizungumza tu habari za chumvi na kuni.

Mvua zilipoanza tena, nyasi ziliota haraka kule mteremkoni. Godfrey akaenda na jembe, akaanza kupalilia kuzunguka jiwe. Hakuwa ameambiwa na mtu. Bibi Emiliana alimwona kutoka shambani kwake, akaja polepole, akasimama akimtazama anavyolima.

"Huko unakosafisha hakuna mtu," alisema. "Sogea huku juu. Na usiinue jembe sana."

Godfrey akasogea.