Kadi Arobaini

Kila jioni saa kumi na moja, mfagizi wa zahanati alitundika ufagio nyuma ya mlango, akanawa mikono, akaenda darasani kujifunza Kiingereza. Nafasi ya mapokezi ilikuwa imetangazwa, na aliyeitaka ilibidi afanye mtihani wa kuzungumza. Hakuna mgonjwa aliyewahi kuugua kwa Kiingereza pale, lakini tangazo ni tangazo.

Mwalimu wao hakutafsiri kitu. Alionyesha kwa kidole, alichora, aliigiza. Siku ya kufundisha kuanguka alianguka kweli, miwani ikavunjika. Kisha akampa kila mwanafunzi kadi arobaini zenye majina ya vitu kwa Kiingereza. "Bandikeni nyumbani. Na mtu asitafsiriwe neno."

Mfagizi alibandika kiti, birika, kikombe, mlango, kitanda cha mama yake. Kadi ziliisha kabla ya kufika kwenye kigoda.

Siku ya tatu mama alitaka kukaa, kiti kikasogea. Akakisemesha vizuri, kikasogea tena mpaka ukutani. Birika lilikataa kuchemka. Mlango nao ulimfungia ndani mpaka binti yake aliporudi akautaja kama ulivyoandikwa kwenye kadi.

"Mwanangu, vitu vyangu vimenikana," mama alisema kutoka kwenye kigoda. "Kikombe hiki nilikinunua wewe hujazaliwa."

Binti alimwendea mwalimu, naye akafurahi. "Dalili nzuri hiyo. Vitu vimeshika somo. Ukizibandua kadi sasa, na maneno yatabanduka kichwani mwako."

Mtihani ulikuwa Ijumaa. Binti hakubandua. Iliuma, tusidanganyane, kila jioni alikisihi kitanda kimpokee mama, na kila jioni aliona aibu.

Akafaulu. Wakampa meza, simu, na beji ya kifuani yenye cheo chake kwa Kiingereza.

Wiki iliyofuata mama alikuja zahanati na kikohozi, akapanga foleni kama watu. Zamu yake ilipofika akasema, "Mwanangu." Binti aliendelea kuandika. "Mwanangu, ni mimi." Binti akainua kichwa, akamtazama mtu aliyesimama nyuma ya mama. Huyo alikuwa dereva wa gari la wagonjwa. Dereva akaisoma beji kwa sauti, na hapo binti akamwona mama, machozi yakamlengalenga.

"Umefika saa ngapi, mama?"

"Sasa hivi tu," mama alisema. Alikuwa pale tangu asubuhi.

Kulishika neno lile la kwenye beji kulimchukua mama siku nne, maana ni refu na meno yake ya mbele hayapo. Dereva ndiye aliyemfundisha. Binti huivua beji akifika nyumbani, lakini haijasaidia, kwa hiyo mama humwita kwa cheo, naye huitika mara moja na kumletea chai.

Zahanati imebandika tangazo jipya. Inatafuta mfagizi, naye atafanya mtihani wa kuzungumza.

"Mwanangu," siku hizi mama hukiambia kigoda. Hakisogei.