Barua Iliyokwama Baraza la Juu

Jumapili ile Kemunto alifika mkutanoni mapema kuliko wote, miguuni bado ana viatu vyeupe vya hospitali, kwa maana alikuwa ametoka zamu ya usiku na hakupitia hata kitandani. Mkononi alishika bahasha ya kahawia aliyoletewa na ofisa wa ustawi wa watoto. Alikwisha kuisoma barua ile mara nyingi, hata mikunjo yake imeanza kulegea. Maneno yenyewe yalikuwa machache. Shauri la mtoto Edah lingesikizwa Alhamisi, tarehe kumi na tano Machi, 1973. Kama mama yake alitaka arudishiwe mwanawe, basi aje na barua ya chama kinachotambulika, yenye sahihi na mhuri, kuthibitisha kwamba mama akiwa kazini mtoto atakuwa na mahali pa kulala na mtu mzima wa kumtunza.

Zilibaki siku kumi na nane.

Edah alikuwa na miaka minne na nusu. Alipokuwa wa miezi minane, Kemunto na Jairus mumewe walimpeleka kwa mama wa Kizungu kule Tamworth, Bi. Pritchard, waliyempata katika tangazo la gazeti. Wanafunzi wengi kutoka Afrika waliokuwa Uingereza walifanya hivyo siku zile. Nani angeshika mtoto, mama yuko wodini na baba yuko darasani? Halafu Jairus akatangulia kurudi Nairobi kutafuta kazi, na barua zake zikaanza kupungua, mwisho zikakatika kabisa. Bi. Pritchard hakuwa mtu mbaya. Alimfumia mtoto sweta, alimsuka nywele kwa kadiri alivyoweza. Lakini sasa alikuwa ameiomba sheria imwachie mtoto moja kwa moja.

Kemunto hakuogopa. Alikuwa na Umoja.

Umoja wa Watu wa Afrika Mashariki ulikutana Jumapili mchana katika chumba kilicho juu ya duka la nguo, mtaa wa Alum Rock, Birmingham. Walikuwapo wauguzi kama yeye, wanafunzi, wafanyakazi wa viwandani, Wakristo na Waislamu, Masingasinga waliozaliwa Nakuru na Kisumu. Na Umoja huu haukuwa chama cha kunywa chai tu. Ulikuwa na katiba.

Katiba hiyo aliiandika Shem. Kabla ya kuja Uingereza, Shem alikuwa karani wa Bunge la Jimbo, zile siku chache nchi ilipokuwa na majimbo, kila jimbo na bunge lake, na juu yake Baraza la Seneti la kuwalinda wachache. Aliyaona yakijengwa, akayaona yakibomolewa, na siku ya mwisho yeye ndiye aliyekabidhi funguo. Huku Birmingham aliajiriwa kupanga mafaili katika ghala la vyuma. Jioni, mezani kwake, aliijenga upya nchi yake iliyokufa. Umoja ukagawanywa majimbo matatu: Alum Rock, Perry Barr na Erdington. Baraza la Chini lilihesabu vichwa, kwa hiyo Alum Rock yenye watu sitini ilikuwa na wajumbe wengi. Baraza la Juu lilihesabu majimbo, kila jimbo wajumbe wawili, hata Erdington yenye watu tisa. Waziri Mkuu alitoka Baraza la Chini na angekaa kitini maadamu baraza hilo lina imani naye. Shem mwenyewe alikuwa Spika na mtunza mhuri.

Watu walicheka mwanzoni. "Wanachama themanini, mabaraza mawili!" Lakini Kemunto hakucheka. Yeye alikuwa akisoma masomo ya jioni, somo la serikali na katiba, na daftari lake lilikuwa limejaa michoro ya Kanada na Australia na India, mishale ikipanda na kushuka baina ya mabaraza. Alipenda jinsi kila moja lilivyolizuia lingine lisizidi. Naye alikuwa Mkisii. Alijua jinsi ilivyo kuwa wachache ndani ya jimbo la wengine. Basi siku ya kupitisha katiba, yeye ndiye aliyesimama akapendekeza ibara ya kumi na nne: jambo lolote lihusulo nyumba iliyomo ndani ya jimbo halitapita mpaka wajumbe wote wawili wa jimbo hilo waliridhie katika Baraza la Juu. Shem aliifuta miwani yake kwa furaha. Ibara ikapita kwa makofi.

Sasa nyumba yenyewe ilikuwa Erdington.

Vilikuwa vyumba viwili nyuma ya kanisa. Mchungaji alikubali kuwaazima, mradi Umoja uahidi kwa maandishi kuvisimamia. Vitanda vinne vya watoto vilikwisha kupatikana. Jokha, mama mtu mzima wa Mombasa asiyeogopa mtu, alisema yeye atalala humo na watoto wa wauguzi wote. Kilichobaki ni uamuzi wa Umoja, na barua.

Baraza la Chini lilipitisha bila kupoteza dakika kumi. Kemunto alikaa benchi la wageni kando ya mlango, maana katiba ilisema mwenye jambo lake asikae barazani likizungumzwa. Alipoona mikono imeinuka kama shamba la mahindi, moyo wake ukamwambia, Edah anarudi.

Kisha viti vikapangwa upya, na Baraza la Juu likaketi.

"Spika, nina swali," alisema Alfayo, mjumbe wa Erdington. Alikuwa Mmaragoli mrefu, fundi wa reli, mtu wa suti hata siku ya kazi. Kando yake alikaa mjumbe wa pili wa Erdington, ambaye ni mkewe. "Hivyo vyumba viko wapi?"

"Erdington, bwana," akajibu Gurdev, Waziri Mkuu, mtu wa Perry Barr. "Wewe mwenyewe unajua."

"Na nani aliwauliza Erdington?"

"Si ndiyo tunakuuliza sasa?"

"Hapana, ndugu yangu. Mmeshapiga kura huko chini, mmeshatafuta vitanda, mmeshamchagua mwangalizi, ndipo mnakuja kwangu. Huko si kuuliza. Huko ni kunipasha habari."

"Yakhe!" Jokha alipaza sauti kutoka nyuma. "Mtoto wa watu angoja, nawe wataka kubembelezwa kama bi harusi?"

Watu wakaangua kicheko. Alfayo akangoja kiishe.

"Cheka, Bi Jokha. Hata kule kwetu tulichekwa. Tulikuwa na bunge letu, na viti vyake. Wengi wakaja wakitabasamu, wakasema ni jambo moja tu, dogo, la haraka. Kisha likaja la pili. Leo mle ndani wameweka magunia ya mbolea." Akamgeukia Kemunto, na sauti yake ikashuka. "Dada, sina neno na wewe wala na mtoto. Vyumba viwe chini ya Erdington. Erdington imchague mwangalizi, Erdington iseme ni watoto gani wataingia. Hapo nitaridhia hata sasa hivi."

"Watu tisa watutawale sitini?" mtu wa Alum Rock akafoka.

"Mnaona?" alisema Alfayo, akakaa.

Erdington ikakataa. Shem akasoma ibara: mabaraza yakikosana, kamati ya pamoja itakaa na kuleta jibu baada ya wiki mbili. Yaani tarehe kumi na moja Machi, siku nne kabla ya shauri. Gurdev alimfuata Kemunto ngazini, kilemba chake kikigusa taa. "Usilie, dada. Alfayo mimi namjua. Atakubali Jokha, sisi tutakubali Erdington ishike funguo. Wiki mbili tu."

Kemunto alipiga moyo konde. Ndivyo inavyofanya kazi, alijiambia katika basi. Mwalimu wao wa jioni alisema kuchelewa si kosa la mashine ya katiba. Kuchelewa ndiyo kazi yake. Aliliandika hilo daftarini na kulipigia mstari.

Jumapili iliyofuata hakukuwa na ajenda yoyote ila taarifa. Lakini Jokha alikuwa hakulala wiki nzima kwa hasira. Yeye alikuwa mjumbe wa Alum Rock, na alimpenda Kemunto kama mtoto wa tumbo lake. Alisimama, akajifunga leso kiunoni.

"Spika, mie sikusoma. Lakini mwanionyesha kuwa Waziri Mkuu akishindwa, huondoka. Huyu Gurdev ameshindwa na mtu mmoja na mkewe! Sina imani naye. Nataka kura."

Kemunto alisimama kwenye benchi la wageni. "Bi Jokha, la! Kamati —"

"Mgeni wa baraza hana ruhusa ya kusema," alisema Shem, taratibu, bila kumtazama.

"Mama, keti," Jokha akamwambia kwa upole. "Nakupigania wewe."

"Spika, naomba, serikali ikianguka —"

"Keti, Kemunto," alisema Shem. "Tafadhali."

Wakapiga kura. Wajumbe wa Alum Rock, waliokuwa na uchungu wa Kemunto kifuani, waliinua mikono kwa nguvu kuliko siku ile nyingine. Gurdev akavua beji yake akaiweka mezani, akatoka nje kuvuta pumzi. Shem akafungua katiba na kusoma kilichofuata, sauti yake ikikwaruza: serikali ikianguka, kamati zote zimevunjika, uchaguzi utafanywa baada ya siku ishirini na moja, na katika muda huo mhuri hautagonga waraka wowote wenye ahadi mpya.

Jokha alibaki amesimama, leso kiunoni. "Kwani si tunamchagua mwingine leo?" aliuliza. Baadaye, walipokuwa wakikunja viti, Kemunto alimwona amejibanza nyuma ya mlango na sinia lake la mandazi, hajamgawia mtu hata moja.

Jumanne Kemunto alikwenda kwa Shem. Alimkuta anakula ugali wa unga wa semolina, peke yake, na mhuri uko rafuni ndani ya soksi. Hakupoteza wakati. Aliweka barua mezani, ameichapa mwenyewe shuleni jioni, safi, bila kosa.

"Mzee Shem. Pigo moja tu la mhuri."

Shem aliisoma yote. Alipomaliza, akairudia mwanzo.

"Ni barua nzuri," alisema.

"Nani atajua?"

"Mimi nitajua. Na Alfayo atajua."

"Alfayo mwenyewe amesema hana neno na mtoto!"

"Ndiyo. Na ndiyo maana ni vigumu." Alisukuma sahani kando. "Mwanangu, wale waliokuja kuchukua funguo zangu, unadhani walikuwa na sababu mbaya? Walikuwa na sababu nzuri sana. Shule, barabara, umoja wa taifa. Mimi mwenyewe nilikaribia kuwapigia makofi. Nikigonga mhuri huu kwa ajili yako, nitakuwa kama wao. Halafu huu Umoja wetu utakuwa nini? Chai na mandazi."

"Nami nitakuwa nini, Mzee?"

Machozi yalimtoka mzee, yakashuka mpaka kwenye ndevu, asiyafute. Lakini mkono wake haukwenda rafuni. Kemunto aliitazama ile soksi. Ilikuwa hatua mbili tu kutoka alipokaa. Angeweza kuinuka na kuinyakua. Alijiona akifanya hivyo. Kisha akakumbuka ile ibara, sauti yake mwenyewe ikiisoma, na makofi, akaichukua barua yake vivyo hivyo bila mhuri, akaondoka.

Alhamisi ya tarehe kumi na tano alivaa koti lake la kanisani. Waliosikiliza shauri walikuwa watu watatu wa adabu, wakamwita mama na kumwomba aketi. Waliisoma barua, wakaipitisha mkono kwa mkono.

"Chama hiki kina kiongozi?" aliuliza mmoja.

"Kwa sasa hakina, bwana. Kitakuwa naye baada ya siku kumi."

"Na hii ahadi ya vyumba, nani amekubali?"

"Baraza la Chini," alisema Kemunto. Alipotaka kuendelea alisikia jinsi itakavyokuwa masikioni mwao, akaishia hapo.

Hawakuwa wakali. Walisema mtoto ametulia alipo na si vema kumtikisa kwa jambo lisilo hakika. Abaki kwa Bi. Pritchard. Mama amtembelee Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi.

Aprili mosi mabaraza mapya yalikaa. Gurdev alirudishwa kitini. Alfayo, ambaye wiki ile nzima alikuwa hamtazami mtu usoni, ndiye aliyeleta hoja ya vyumba, akaomba Erdington ishike funguo tu, basi. Ikapita chini, ikapita juu, bila hata mkono mmoja wa kupinga. Shem aliileta barua mwenyewe hadi mlangoni kwa Kemunto, katika bahasha, mhuri wake wa zambarau bado unanukia wino.

"Imepita," alisema. "Wote."

"Asante, Mzee," alijibu Kemunto, akaipokea kwa mikono miwili. Alikusudia kumkaribisha chai, lakini akafunga mlango polepole.

Jumamosi ile aliichukua katika mkoba wake hadi Tamworth. Hakujua kwa nini. Labda Bi. Pritchard angeisoma, labda kulikuwa na mlango mwingine wa kubisha ambao masomo ya jioni hayajaufikia. Mwalimu alisema muhula ujao watasoma rufaa. Edah alikuwa sakafuni anapanga vifuniko vya chupa kwa rangi, amevaa sweta jipya la manjano. Alikuwa amekua. Kemunto alipiga magoti kando yake, akaona midomo ya mtoto imekauka.

"Edah, mama, wataka maji?"

Mtoto akainua uso, akamtazama kwa adabu, kama mtu anavyomtazama mgeni. Kisha akageuka kumtazama Bi. Pritchard mlangoni, akamwuliza kwa Kiingereza yule shangazi amesema nini.