Pindo Lililofumuka Mara Tatu

Mtaani kwao, pindo lililoshonwa na Fundi halikuwa limefumuka hata siku moja. Watoto walipanda kuta na sare zake, wakaburuzana, wakarithishana mkubwa kwa mdogo. Kitambaa kilichakaa, pindo likabaki palepale. Ndiyo maana Alhamisi asubuhi, siku nne kabla ya shule kufunguliwa, alipoikuta sketi ya binti yake mwenyewe imeachia pindo lote, alidhani macho yanamchezea.

Akalishona upya. Ijumaa likafumuka tena. Akaisafisha bobini ya cherehani, akabadilisha sindano, akabadilisha na uzi. Jumamosi, vilevile. Hofu ikamwingia: na zile sare za watu alizokwisha kukabidhi? Akazishusha zilizobaki rafuni, akayavuta mapindo moja moja kwa nguvu. Yote yalishika. La binti yake tu.

"Shemeji, hebu njoo uone," alimwita fundi viatu, mdogo wa mumewe, aliyegawana naye baraza la kazi.

Fundi viatu akaigeuzageuza sketi. "Labda panya wa kwenu wamesomea ushonaji."

"Panya angekula kitambaa."

"Basi huyu ana adabu zake." Akazisogeza nyuzi karibu na macho, mzaha ukamwisha. "Uzi uliochoka huacha manyoya. Huu umekatwa, shemeji. Kwa wembe."

Wembe wa kufumulia ulikaa ndani ya kopo la vifungo. Mtu pekee aliyejua kuutumia bila kukijeruhi kitambaa, zaidi yake, alikuwa yule aliyefundishwa na Fundi mwenyewe: binti yake wa miaka kumi na mitatu, ambaye kwa maneno yake mengi walimwita Kasuku. Wiki hii Kasuku alikuwa kimya. Fundi alidhani mtoto anakua.

Alimkuta jikoni akisugua sufuria iliyokwisha takata.

"Sketi ni fupi?"

"Hapana, mama."

"Kuna anayekupiga shuleni? Mwalimu anakuonea?"

"Hapana."

"Sasa nini, mwanangu?"

Kasuku aliendelea kusugua. "Sijui nitakaa wapi."

"Wapi kivipi?"

"Darasani. Yule niliyekuwa nakaa naye amehama, na wengine wote wako wawili wawili. Nikaona sketi isipokwisha, siwezi kwenda."

Fundi alifungua kinywa aseme dawati ni dawati, akakifumba. Alitamani futi ya kupimia jambo kama hili. Ni kubwa au dogo? La kubembeleza au la kukemea? Hakujua. Alichojua ni kwamba nguo mpya haishonwi ikaisha siku moja. Hushikizwa kwanza kwa mkono, mwenyewe akaivaa, akatembea, akasema panapobana.

"Jumatatu ni ya kujaribu," alisema polepole, mwenyewe hana hakika. "Pindo nitalishikiza tu. Utakwenda, jioni utaniambia panapobana."

"Nikisema pote?"

"Tutakaa tupaangalie pote."

"Na likiachia darasani?"

Fundi akamchomekea sindano yenye uzi kwenye kipande cha kitambaa, akakikunja, akampa aende nacho.

Jumatatu Fundi alikosea kutwa nzima. Mkono wa kulia wa shati aliushona bega la kushoto, akaufumua, akaushona palepale.

"Kwani leo anayeanza shule ni nani?" fundi viatu aliuliza.

Kasuku alirudi na vumbi hadi magotini. Upande mmoja wa pindo ulikuwa umeachia, ukashikwa na mshono mnene uliopinda kama njia ya mlevi.

"Nani kafanya hivi?"

"Mmoja wa dawati la nyuma. Liliachia nimesimama, sijui pa kukaa. Akanivuta, akasema kaa nikushonee. Hajui kushona kabisa, mama. Kajichoma mara mbili."

Vidole vya Fundi vilikuwa vimeshautoa wembe kwenye kopo.

"Usilifumue," alisema Kasuku.

"Kwa hiyo kesho utakwenda?"

"Sijui bado." Akavua viatu, akafikiri. "Lakini nimemwahidi kumfundisha kupiga fundo."

Fundi hakujua kama hiyo ilikuwa ndiyo au hapana. Aliutazama ule mshono, ubaya wake wote, vidole vikimwasha. Kisha akaurudisha wembe koponi, akaikunja sketi ya kesho na kuiacha vivyo hivyo.