Karatasi ya Kumtolea Hemedy

Hemedy aliuawa saa kumi na mbili na nusu asubuhi, akilinda mpunga wake. Saa nane mchana dada yake, Mwanabaraka, alikuwa angali kwenye benchi la kituo cha polisi, akingoja karatasi ya kumtolea ndugu yake chumba cha maiti. Nyumbani Chumbi kaburi lilikwisha chimbwa, sanda ilikwisha katwa, na mama yao, Bi Sabra, alikuwa amekaa mkekani akiuliza mwanawe anafika saa ngapi. Mjomba Amri alipiga simu kila baada ya robo saa, utadhani Mwanabaraka ndiye aliyeificha maiti.

"Mwanangu, wanachotaka wape, tumsitiri mwenzetu."

Walichotaka kilikuwa juu ya meza ya mkuu wa kituo. Mwanabaraka alikisoma mara mbili, maana mara ya kwanza macho yalikataa. Karatasi ilisema Hemedy alikuwa mhalifu mwenye silaha, kwamba aliwafyatulia risasi askari wa doria, nao wakajibu. Ilisema ndugu wameyakubali maelezo hayo na hawana malalamiko. Chini kabisa palikuwa na nafasi ya saini.

Silaha! Silaha ya Hemedy ilikuwa kamba ya katani aliyoisokota mwenyewe. Mpunga ukianza kutia maziwa, ndege wa kweleakwelea hushuka kwa maelfu, na mkulima hupanda dunguni, kichanja cha kulindia shamba, tangu alfajiri, akaizungusha kamba kichwani na kuikata ghafla ikalia paa! Bonde zima la Rufiji linaujua mlio huo, hata mtoto wa mgongoni haamki. Lakini askari hawa waliletwa juzi kutoka mbali, na aliyewaleta hakuona haja ya kuwaambia kwamba huku watu wana vita na ndege. Wakasikia paa, wakapiga. Ndege wakaruka salama, mwenye shamba akaanguka.

"Afande, hiyo bunduki yake iko wapi?"

"Uchunguzi unaendelea, mama."

"Uchunguzi unaendelea, karatasi imekwisha?"

Mkuu wa kituo akavua miwani. Hakuwa mtu wa kufoka, na hilo ndilo lililomchoma Mwanabaraka zaidi. Alizungumza kwa upole wa mwenye duka anayejua huna pengine pa kununua.

"Mimi nami ni Mwislamu, najua maiti inavyotakiwa kuzikwa. Tia saini, saa hii hii mnaondoka naye, Alasiri mnamswalia. Usipotia, jalada linakwenda mkoani, na mkoani wana siku zao."

Kumbe dini wanaijua! Kuuliza kabla ya kupiga hawakujua, lakini kwamba Waislamu hawalazi maiti, hilo wamelishika barabara, na wamelifanya kamba ya kumkabia mfiwa.

Mlangoni alisimama konstebo mmoja, buti zake zingali na matope ya mpunga. Hakuna aliyemwambia, lakini Mwanabaraka alijua.

"Ndiye weye?"

Konstebo akavua kofia.

"Chuoni walikufundisha nini, baba?"

"Yassin, toka nje," mkuu alisema.

Yassin hakutoka. "Tulifundishwa kumwita mtu mara tatu ajisalimishe. Halafu kupiga hewani. Ikishindikana kabisa, miguu."

"Ukamwita?"

"Nilimwita. Nilimwita nilipokwisha kupiga. Mara zote tatu."

Mara tatu! Mtu amelala kwenye matope, roho imekwisha toka, anaamriwa ajisalimishe, ili mafunzo yaonekane yamefuatwa. Mwanabaraka alimgeukia mkuu, sauti ikimpanda.

"Yaandike hayo, afande. Andika alivyosema huyu, nami nitakutilia saini kumi."

"Karatasi ni hiyo iliyoko mezani, mama. Hakuna nyingine."

Simu ikalia tena.

"Watu wamejaa, jua linakwenda," Mjomba Amri alisema. "Saini ni wino tu, Mwanabaraka. Ukweli Mungu anaujua."

"Mungu anaujua, mjomba. Watoto wa Hemedy je? Wakiitwa watoto wa jambazi mpaka wanazeeka, watamwonyesha nani ukweli, na saini yangu miye shangazi yao iko pale?"

"Na kaburi tulifanyeje? Kaburi halilali wazi, wajua."

Alijua. Shimo likikosa mtu wake, huzikwa kigogo cha mgomba, lisije likaita mwingine. Machozi yalimshuka, hakuyafuta. Alisema kwa nguvu, kila aliyekuwamo kituoni asikie:

"Kateni mgomba, mjomba, mkauzike. Miye sitoki hapa mpaka waandike kwamba walimuua mkulima."

Akaisukuma karatasi, ikaanguka miguuni pa mkuu. Kabla simu haijakatika, alimsikia mama yake kwa mbali akiuliza mgomba wa nini.