Kinyago cha Hisabati

Saa nne asubuhi walimu walikuwa wamebanana ofisini kwa mkuu wa shule wakinywa chai, kwa sababu ofisi yao ilikuwa inavuja na mvua ya Machi huku Mbozi haijui kupumzika. Maandazi yalikuwa yamepoa. Mwalimu wa Jiografia alikuwa akilalamikia bei ya mbolea. Ndipo kinyago kilichokuwa juu ya kabati kikasema, "Swali la tano. Walijumlisha namba za juu peke yake na za chini peke yake."

Mwalimu wa Jiografia akachukua andazi, akaendelea na mbolea.

Kinyago kilikuwa cha mti wa mninga: mtu aliyechuchumaa, mkono shavuni, mdomo wazi. Kilichongwa na fundi mmoja wa Tunduma kwa oda ya ofisi ya elimu ya wilaya, na hupewa shule iliyoshika mkia katika Hisabati. Hutolewa hadharani, kwenye Juma la Elimu, mbele ya maturubai na spika. Mkuu wa shule huitwa kwa jina, hukipokea kwa mikono miwili na kuzunguka nacho uwanja mzima huku watu wakimzomea. Sharti ni kwamba kikae mahali ambapo kila mgeni atakiona. Wazo ni kwamba aibu hufundisha. Hakuna aliyewahi kuuliza hufundisha mada gani.

Mwalimu Yonathani, mkuu wa shule hii ya kata, alizunguka nacho Ijumaa. Jumatatu kikaanza kusema, na tangu hapo hakikufunga mdomo. Kilisema mkuu akiwa kwenye simu na diwani. Kilisema wakati wa sala ya asubuhi. Mkuu alikifunika kwa koti lake la mvua, kikasema ndani ya koti. Mthibiti ubora wa shule alipokuja alikisalimia kwa heshima, nacho kikamjibu kwa swali la tatu, sehemu a na b.

Jambo lililowaudhi walimu halikuwa kusema kwake. Lilikuwa uhakika wake.

Mtu wa kwanza kukiuliza swali alikuwa Mwalimu Ruti, aliyekuwa akifundisha Hisabati peke yake kuanzia Kidato cha Kwanza hadi cha Nne. Aliweka kikombe chini.

"Hilo la tano la mtihani uliopita, walikosa wangapi?"

"Wote isipokuwa wawili," kilisema kinyago.

"Kwa nini?"

"Walipokuwa Kidato cha Kwanza hawakufundishwa sehemu. Mwalimu hakuwepo. Hawa wa mwaka huu pia hawakufundishwa."

Walimu wakatazamana, kwa sababu hilo walikuwa wakilijua. Mwalimu wa Hisabati wa wakati ule aliitwa Felix. Miaka minne nyuma, wilaya ilimwazima kwa wiki mbili aende kusaidia kuingiza matokeo ya mitihani kwenye kompyuta, maana alikuwa mzuri wa hesabu. Wiki mbili hizo zilikuwa bado zinaendelea. Kwa miaka miwili shule haikuwa na mtu wa Hisabati, mpaka alipoletwa Ruti, na Ruti aliwakuta watoto wa Kidato cha Pili wanaotakiwa kufundishwa mambo ya Kidato cha Pili. Alifundisha alichotakiwa kufundisha. Kila mwaka wilaya ilimletea matokeo, nayo yalikuwa namba moja: wastani wa shule. Wastani wa shule ukiwa chini unakuambia kwamba uko chini. Mtu anayesimama kwenye tope analijua tope bila kutumiwa barua.

Sasa palikuwa na kinyago juu ya kabati kinachojua swali kwa swali, na Ruti akaona ni upumbavu kukiacha kizungumze na maandazi.

"Mkuu, naomba nikipeleke darasani."

"Haiwezekani," alisema Mwalimu Yonathani. "Sharti ni kionekane hapa."

"Wageni wakija nitakirudisha."

"Ruti, kile kitu ni cha aibu. Hakikuletwa kitumike."

Mkuu alikuwa na mipango yake. Alikuwa ameandikisha kila mwalimu mkataba wa ufaulu, na Ruti alikuwa ametia sahihi kwamba mwaka huu hapatakuwa na sifuri. Ukutani kwa nje fundi alikuwa ameandika TOKOMEZA SIFURI kwa rangi nyekundu, herufi za kimo cha mbuzi. Walimu wa Fizikia walikuwa wawili kwenye ikama na hakuna hata mmoja shuleni. Rangi, hata hivyo, ilipatikana.

Ruti hakubishana. Akawa anakuja saa kumi na mbili asubuhi, kabla ya kengele, anavuta kiti mbele ya kabati na kusikiliza. Kisha anaingia Kidato cha Nne.

Siku ya kwanza aliingia na debe tupu na kiroba cha mahindi. Aliandika ubaoni nusu, kujumlisha robo, akamwita Nyanzobe.

Nyanzobe alikuwa binti wa Ngassa, mfugaji wa bondeni Momba. Alipanga chumba karibu na shule pamoja na wasichana wengine wa mbali, na kila mwisho wa mwezi baba yake alimtumia unga kwa lori. Alikuwa na jambo moja kichwani. Baba yake alikuwa amehamishwa mara mbili na ng'ombe wake kwa sababu hakuna aliyeweza kuonyesha mpaka wa eneo lake unapita wapi. Nyanzobe alitaka kwenda chuo cha upimaji ardhi. Chuo hicho hakimchukui mtu aliyefeli Hisabati, na Nyanzobe alikuwa hajawahi kufaulu.

Aliandika jibu bila kusita: moja juu na moja juu, mbili; mbili chini na nne chini, sita. Mbili ya sita. Theluthi.

"Haya," alisema Ruti, "weka nusu debe."

Nyanzobe akamimina mahindi mpaka nusu.

"Ongeza robo."

Akaongeza. Akachungulia ndani ya debe, akatazama ubao, akarudi kwenye debe.

"Madam," alisema, "ubaoni nimeongezewa nikapungukiwa."

"Ndiyo."

"Kwa hiyo miaka yote hii nilikuwa najipunja?"

Darasa likacheka, naye akacheka, lakini Ruti hakucheka. Moyoni alikuwa amekasirika, maana jambo lenyewe lilimalizika kwa debe moja na nusu saa, na lilikuwa limengoja miaka mitatu.

Wakaendelea hivyo. Kinyago kiliposema kwamba swali la saba waliliacha kwa sababu hawakujua alama ya kutoa ikikutana na nyingine inakuwaje, Ruti alilifundisha hilo. Kiliposema swali la nane walilifahamu ila waliishiwa muda wakihangaika na la tano, aliliruka. Mkuu alilalamika kwamba Kidato cha Nne wanafundishwa mambo ya Kidato cha Kwanza, na kwamba azimio la kazi linasema wawe kwenye mada nyingine. Ruti akamjibu kwamba azimio la kazi halifanyi mtihani.

Mwezi wa sita alikuja afisa taaluma wa wilaya, Bwana Zabron, kukagua kama kinyago kinaonekana. Kilikuwa kinaonekana.

"Kinaongea sana," Mwalimu Yonathani alimshitakia.

"Ndiyo tabia yake," alisema Zabron akisaini kitabu cha wageni. "Waliokuwa nacho mwaka jana walikitia stoo na majembe. Mlango ukifungwa huwezi kukisikia."

Ruti akamuuliza kwa nini wilaya haiwatumii shule matokeo ya swali kwa swali.

"Mwalimu, shule ni nyingi. Wastani ndio unaoenea kwenye slaidi."

"Lakini mimi sifundishi slaidi, Afande wangu wa taaluma. Nafundisha watoto."

Zabron akacheka, akamsifu kwa ucheshi na kuondoka kabla giza halijaingia.

Mtihani wa moko, ule wa kujipima kabla ya mtihani wa taifa, ulifanyika Julai. Shule ya kata ilipanda nafasi sita kutoka mwisho. Nyanzobe alipata D, alama yake ya kwanza ya kufaulu, akaibandika karatasi yake ukutani kwake juu ya ndoo ya maji. Wilaya ikatuma gari kuchukua kinyago bila kungoja Juma la Elimu, maana shule nyingine ilikuwa imeshika mkia.

Ruti alimfuata mkuu uwanjani. "Mkuu, waombe watuachie mpaka Novemba. Bado hatujafika swali la kumi na moja."

"Kinyago ni cha wa mwisho, Ruti. Unataka tuwe wa mwisho?"

"Nataka kujua wanachokosa."

"Kwa hiyo unataka tuwe wa mwisho."

Kwa taratibu zilizokuwepo, mkuu alikuwa amesema kweli: kujua ni haki ya anayeshika mkia, na ukishajua ukanyanyuka unanyang'anywa. Shule ilicheza ngoma siku hiyo. Walimu walipuliza mavuvuzela. Kinyago kilifungwa kwa kamba nyuma ya gari, na mpaka kinaishia kwenye kona ya mashamba ya kahawa kilikuwa kikisema, "Swali la kumi na moja. Pembe na urefu. Hawakuligusa."

Wiki iliyofuata ilikuja barua. Wilaya ilimpongeza Mwalimu Ruti kwa kuinua ufaulu kwa kutumia takwimu, na kwa sababu hiyo ilimwazima kwa wiki mbili akasaidie kitengo cha takwimu.

Mwalimu Yonathani aliisoma mara mbili, akaketi. Lazima isemwe kwamba alimpigia Zabron simu siku ile ile, akapandisha sauti, na kuuliza Hisabati itafundishwa na nani. Aliambiwa awe mbunifu.

Huko wilayani, meza ya Ruti ilikuwa mkabala na ya Felix. Felix alikuwa na ndala zake chini ya meza, kikombe chake, na mto wa kiti alioushona mkewe. Alikuwa mtu mpole. Alimwonyesha Ruti safu ya kuingizia alama na mahali pa kubofya ili wastani utokee.

"Hizi za swali kwa swali zinakwenda wapi?" Ruti aliuliza.

"Hazina safu."

"Na wewe unarudi lini kufundisha?"

"Wiki mbili zangu bado," alisema Felix, na hakuwa anatania.

Oktoba, Nyanzobe alipanda haisi akaenda wilayani. Alikuwa na sare, na daftari ameliweka kwenye mfuko wa plastiki. Walimkalisha kwenye benchi la korido mpaka saa nane, Ruti alipopata nafasi ya kutoka.

"Shikamoo, Madam."

"Marahaba. Nani anawafundisha?"

"Hakuna. Mkuu anakuja, anatuambia tujitume." Akafungua daftari. "Madam, ni ile ya kumi na moja. Mtu amesimama mbali na ukuta, anatazama juu. Unajuaje ukuta una urefu gani bila kuupanda? Maana chuoni kule ndiyo kazi yenyewe."

Ruti akapiga magoti kando ya benchi, akachukua peni. Akachora ukuta. Akachora ardhi. Akachora mstari kutoka kwenye jicho la mtu mpaka juu ya ukuta, na Nyanzobe akainama zaidi.

"Sasa angalia hii pembe hapa..."

"Mwalimu Ruti!" Zabron aliita kutoka ndani. "Mkoa wanataka wastani kabla ya saa tisa!"

Ruti akanyanyuka, akabaki ameshika mlango. "Wiki ijayo nitakuwa nimerudi shuleni. Tutaendelea pale pale."

"Sawa, Madam," alisema Nyanzobe. Akalirudisha daftari kwenye mfuko wa plastiki, kwa sababu nje kulikuwa na vumbi.

Mtihani wa taifa ulifanyika Novemba. Matokeo yalitoka Januari, na shule ya kata ilikuwa imeshika mkia. Ile shule nyingine ilirudisha kinyago, kikiwa na udongo wa stoo masikioni, na kikawekwa kwenye meza ya Ruti kusubiri Juma la Elimu, kwa kuwa meza ya Felix ilijaa. Ruti alikifuta kwa kitambaa. Kisha akaendelea kuandika.

"Swali la tano," kilisema kinyago, "wengi walilipata."

Vidole vya Ruti vikasimama.

"Swali la kumi na moja. Nyanzobe Ngassa alichora ukuta. Akachora ardhi. Akachora mstari wa jicho. Akaishia hapo."

"Najua," alisema Ruti.

"Mwalimu hakuwepo."

"Najua!"

Felix aliinua uso, akaona ni kinyago tu, akarudi kwenye kazi yake. Chumba cha pili Zabron aliuliza kama wastani uko tayari. Ruti akabofya pale alipofundishwa kubofya, namba ikatokea, akaichapa na kumpelekea.